Barakoa za Zau na Machozi ya Mtoto



Mwezi wa Novemba, mwezi tunaowaombea marehemu, katika shirika letu moja hapa Goma ilitolewa hukumu ambayo siwezi kuinyamazia. Kijana wa miaka 15, yatima wa baba tangu vita vya Januari 2025, alikutwa na mama yake usiku akilia mbele ya kompyuta. Kwenye kioo alisimama mganga kijana mwenye barakoa usoni, akizungumza na mungu wa mauti. Mama alishtuka, akaja kutuomba shauri. Mzee wetu mmoja, mtu wa sala na wa heshima, akaamua palepale: mchezo ufutwe, kompyuta inyunyiziwe maji ya baraka, na mtoto apelekwe katika chumba cha maombi cha mtaani, kwa sababu anayeongea na wafu usiku hawezi kuwa peke yake. Wengi waliitikia. Mimi pia niliinamisha kichwa, nakiri, maana niliogopa kuonekana mtetezi wa mashetani.

Kompyuta ililetwa kwangu ihifadhiwe hadi itakapoamuliwa la kufanya. Ndipo nilipofanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelifanya kabla ya kuhukumu. Nilimwita yule kijana pamoja na wenzake watatu wanaoucheza mchezo huo, nikawaomba wanionyeshe na kunieleza wanachokiona ndani yake. Tuliketi jioni mbili, umeme uliporuhusu. Ninayoandika hapa yametoka kwa wachezaji wenyewe.

Mchezo unaitwa Tales of Kenzera: ZAU. Ulitolewa tarehe 23 Aprili 2024 na studio ya Uingereza iitwayo Surgent Studios, iliyoanzishwa na Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Wachezaji walimfahamu tangu 2017 kwa sauti aliyompa Bayek, shujaa wa mchezo mwingine kuhusu Misri ya kale. Huu aliutunga baada ya kufiwa na baba yake, na katika mahojiano yake hakuficha kwamba kilio hicho ndicho kilichomsukuma. Kuna jambo lililowashangaza vijana wetu kuliko yote: mchezo huu unaweza kusikilizwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Walicheka sana jioni ya kwanza, wakisema watu wa mle ndani wanaongea kama watangazaji wa redio ya Tanzania. Lakini kicheko kile kilikuwa cha furaha. Katika michezo yote waliyoipitia, mashujaa huongea Kiingereza au Kijapani, na Mwafrika akitokea, mara nyingi hutokea ili auawe.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana aitwaye Zuberi amefiwa na baba, naye anasoma kitabu alichoachiwa na baba huyo. Ndani ya kitabu kuna Zau, mganga kijana ambaye naye amefiwa na baba. Zau anamwita Kalunga, mungu wa mauti, na kumpa mapatano: nitakuletea roho kuu tatu ambazo hukuweza kuzichukua, nawe unirudishie Baba. Basi anapita milima, misitu na nchi ya ukame, akipigana. Anazo barakoa mbili, ya jua na ya mwezi. Ya kwanza hutoa moto, ya pili hurusha mishale ya mwanga. Wanaowindwa wametoka katika masimulizi ya Afrika, miongoni mwao Impundulu, ndege wa radi wa watu wa kusini. Hata jina Kalunga si geni kwa nchi yetu: kwa Wakongo wa magharibi ni mpaka wa maji kati ya walio hai na waliokufa.

Mzee wetu akisikia habari hizi atasema nimemthibitishia hoja yake. Mganga, barakoa, roho, mapatano na mauti: ushahidi gani mwingine unahitajika? Sitaidharau hoja hiyo, maana ina mizizi mirefu kwetu. Wamisionari wa kwanza katika pande hizi za Virunga walikuta ibada ya Ryangombe, yule mwindaji aliyeuawa na nyati. Walikuta pia imani kwamba waliowekwa wakfu kwake hupokewa Karisimbi baada ya kufa, na wengine hutupwa katika moto wa Nyiragongo. Waliipiga vita ibada hiyo, na wazazi wetu walilelewa katika vita hiyo. Hofu ya mzee wetu ni urithi wa Ukristu wake, naye ameutunza kwa uaminifu. Tena Eklezya inakataza waziwazi kuwaita wafu na kutafuta nguvu kwa mizimu. Hilo sibishani nalo.

Ninachobishania ni kwamba kusimulia juu ya mtu anayetaka kumrudisha marehemu si sawa na kumrudisha marehemu. Kitabu cha kwanza cha Samweli kinasimulia jinsi mfalme Sauli alivyokwenda usiku kwa mwanamke wa Endori ili amwitie nabii aliyekwisha kufa. Tunakisoma kisa hicho, na hakuna aliyewahi kuninyunyizia maji kwa kukisoma. Tunakisoma kwa sababu kinaonyesha mtu aliyezidiwa na hofu hufika wapi. Je, mapatano ya Zau humfikisha wapi? Hilo ndilo swali ambalo mzee hakuuliza, na vijana walinijibu bila kuulizwa. Safari haiishii kwenye kaburi lililo wazi. Roho moja baada ya nyingine, Kalunga anamwongoza kijana kama babu mwenye subira, mpaka akubali kwamba baba amekwenda. Mchezo wote ni kukanusha biashara ile ambayo Zau alidhani anaifanya.

Sasa nisikilizeni maneno ya wachezaji, kwani humo ndimo kesi hii inamoamuliwa. Kama barakoa zingekuwa zimewateka, wangezizungumzia kwa kicho. Walizizungumzia kama vile mtu anavyozungumzia miguu miwili ya mchezaji hodari wa mpira: namna ya kubadili upesi kutoka jua kwenda mwezi, ni adui yupi anataka ipi, wapi ukichelewa umekufa. Walilalamika kwamba kuna mahali pa kukimbia ambapo kosa moja tu linakuua na kukurudisha nyuma mbali. Walisema maadui wanajirudia, na kwamba mchezo ni mfupi, saa chache tu. Malalamiko hayo hayo yametolewa na wachezaji wa Ulaya na Marekani tangu ulipotoka, na wengi wa hao hao wakasifu rangi zake, muziki wake na kisa chake. Mmoja wa vijana wetu alikuwa mkali: alisema maneno ni mengi, huyo Zau anaketi chini ya kila mbuyu kuwaza, wakati yeye anataka kupigana. Simlaumu. Baba yake yuko hai, na jioni ile ya pili alikuja kumchukua kwa pikipiki.

Yatima wetu alinyamaza muda mrefu. Nilipomuuliza kilichomliza, alijibu kwa Kiswahili chetu cha hapa: "Papa, ile anaulizaka pale kwa mbuyu, ni ile naulizaka kila siku. Mimi pia ningekubali ile mapatano." Nikamuuliza kama alikuwa amemwambia mama yake. "Hapana. Siku ya kuzika walisema, we ni mwanaume sasa, usilie mbele ya wadogo wako."

Ndugu zangu, hapo niliona haya, na ningependa nanyi mwone haya pamoja nami. Mtoto huyu hakulia siku ya mazishi kwa sababu sisi tulimkataza. Nani kati yetu haikumbuki ile Februari? Maiti zilikuwa nyingi mno, watu wa Msalaba Mwekundu wakizika tangu asubuhi hadi jioni, na familia nyingi hazikupata hata usiku mmoja wa matanga. Hatukukaa chini, hatukuimba, hatukusimulia marehemu alikuwa nani. Tuliendelea na mambo ya unga, ya maji, ya benki zilizofungwa. Kilio kilichonyimwa nafasi nyumbani kilitafuta nafasi pengine, na kwa mtoto huyu kikaipata chini ya mbuyu uliochorwa na watu asiowajua, kwenye kompyuta aliyoachiwa na binamu yake anayeishi Kampala. Kisha sisi, tuliomnyima, tukaja kumshitaki kwa kukipata.

Tunasema Zau anawaita wafu na ni upagani. Lakini Jumapili kwa Jumapili, tangu Roma ilipoidhinisha mwaka 1988 Misale kwa Majimbo ya Zaire, sisi wenyewe huwaomba watakatifu na pia mababu wenye moyo mnyofu wawe pamoja nasi tunapoanza Misa. Papa Fransisko aliiadhimisha Misa hiyo Roma, na tena Kinshasa tarehe 1 Februari 2023. Maaskofu wetu walitambua kwamba Mkongo hawezi kusali kana kwamba hana waliomtangulia, na kwamba katika Kristu anaweza kuwataja bila kuwaabudu. Mtoto ambaye hakuna aliyemfundisha kumtaja baba yake katika sala, alimtaja pale alipofundishwa na mchezo. Na Bwana wetu mwenyewe, aliyejua kwamba dakika chache baadaye atamwita Lazaro atoke, alilia kwanza mbele ya watu.

Nina shaka yangu juu ya mchezo huo, wala sitaificha ili nionekane mtu wa kisasa. Mapigano yake ni mazuri mno kwa macho. Katika mji ambao neno "kadogo" lilikuwa jina la mtoto mwenye bunduki, na ambao watoto wamelala chini ya vitanda wakihesabu milipuko, mimi siwezi kumwona mtoto akishangilia moto na mkuki nikabaki mtulivu. Nisingemwachia mtoto wa miaka 8. Nisingeuruhusu usiku wa manane, wala bila mtu mzima karibu. Haya ni maswala ya kulea, na mzazi anaweza kuyaamua nyumbani kwake bila kumwita mfukuza pepo.

Kwa maana jambo zito kuliko yote ni lile neno la mwisho la hukumu yetu, lile la chumba cha maombi. Tunajua, ingawa hatupendi kusema, kinachotokea katika baadhi ya vyumba hivyo mjini mwetu na katika nchi nzima. Mtoto aliyefiwa na baba, anayeongea usiku, anayekataa kula, huwekwa katikati. Siku ya kwanza anaombewa. Siku ya pili anafungishwa bila maji. Siku ya tatu anaulizwa ni nani aliyemtuma, na alimla baba yake kwa njia gani. Wako watoto wa barabarani waliofika huko kwa mlango huo. Katiba ya nchi yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaliadhibu jambo hilo. Sisi wakristu hatukupaswa kungoja Katiba.

Basi angalieni vizuri ni nani kati ya hawa wawili anayefanya biashara na mauti. Mchezo uliotoka kwa bei ya dola 19.99 unamwambia mtoto kwamba baba hanunuliki, hata kwa roho tatu. Chumba cha maombi kinamwambia mama kwamba kifo cha mume wake kina mwenye kulipa, na mwenye kulipa ni mwanawe. Kati ya masimulizi hayo mawili, lile la pili ndilo la kipagani, hata likitanguliwa na jina la Yezu mara mia. Nasikitika kwamba ndilo tulilolipendekeza.

Mzee wetu nimemwendea nyumbani kwake, maana si haki kumjibu mtu mbele ya wengine kabla ya kumjibu mbele ya kikombe cha chai. Alinisikiliza. Alisema bado haupendi mchezo ule, na kwamba barakoa ni barakoa. Juu ya chumba cha maombi hakusema kitu kwa muda, kisha akauliza kama mtoto ameshapelekwa. Nikamwambia hapana, mama alisita. Akasema, "Asimpeleke." Tutaendelea kubishana naye juu ya mengine, naye ana haki ya kunijibu katika ukurasa huu.

Kompyuta nimeirudisha. Mama aliomba kwanza aone ile sehemu ya mbuyu, akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mwanawe, akasikiliza yote kwa Kiswahili. Jumamosi iliyofuata alikuja parokiani kuandikisha nia ya Misa kwa ajili ya mumewe. Mtoto alisimama nyuma yake, akamwambia karani kwamba jina la baba linaandikwa na herufi mbili za t.