MGONJWA WA UNGA ATIBIWE KWAO

Wako watu miongoni mwetu, na wengine ni wanachama wenye kadi, wasemao kwamba teja hana dawa ila kufungwa. Husema akamatwe, apelekwe mbali, mtaa upumue. Maneno hayo tunayasikia vibarazani na hata katika mikutano ya mtaa, na yatupasa tuyajibu waziwazi, kwa sababu yanataka kuturudisha kule tulikotoka.

Zamani za Mkoloni ndivyo walivyofanyiwa wagonjwa wa akili. Kwanza palikuwa na Lutindi, kule milima ya Usambara, ambako wamisionari wa Kijerumani walianza kuwaweka wagonjwa hao mwaka 1904. Kisha mwaka 1927, chini ya Waingereza, ikafunguliwa Mirembe, Dodoma. Mtu wa Pwani aliyepelekwa huko alikuwa mbali na kila amjuaye. Sina neno na wauguzi wa Mirembe. Kazi yao ni kubwa mpaka leo. Neno langu ni juu ya fikira ile, kwamba mgonjwa ni takataka ya kutupwa nje ya mji.

Baada ya Uhuru tulianza kuikataa fikira hiyo. Toka mwisho wa miaka ya 1960 vilianzishwa vijiji ambamo wagonjwa wa akili walilima na kuishi karibu na jamaa zao, huku wakitazamwa na wauguzi. Katika miaka ya 1980 mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro ikafanya majaribio ya kutibu magonjwa haya katika zahanati za kawaida. Basi asitokee mtu akatuambia kwamba kumtibu mgonjwa kwao ni mtindo ulioletwa juzi na wageni.

Sasa tuutazame mji wetu. Heroini, ambayo vijana huiita unga, iliingia Dar es Salaam katika miaka ya 1980. Kwanza ilivutwa, baadaye ikadungwa. Sindano moja ikapita mikono mitatu minne, na Ukimwi na homa ya ini vikapita nayo. Mwaka 2005 watafiti waliandika habari ya kutisha: wanawake maskini wa mji huu walikuwa wakijidunga damu ya mwenzao aliyekwisha kujidunga, wakitumai kwamba ndani yake umebaki unga kidogo wa kuwaondolea arosto. Asomaye hayo, kisha akasema ni starehe zao, na atueleze ni starehe gani hiyo.

Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni. Dawa hii humwondolea mgonjwa arosto, na akipewa kwa kipimo chake haimleweshi. Anaweza kushika kazi na kukaa na watoto wake. Lakini nguvu yake hukaa kama siku moja tu. Kwa hiyo mgonjwa, hasa wa mwanzo, hufika dirishani kila siku, Jumapili na sikukuu, akainywa mbele ya muuguzi, akaenda zake. Wala si dawa ya wiki mbili. Wengi huinywa kwa miaka.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Dawa ya kila siku ina maana ya nauli ya kila siku. Mtu wa Mbagala aliyeacha unga jana hana kazi, na hata mama ntilie hamkopeshi sahani ya wali. Atapata wapi nauli ya kwenda na kurudi mjini siku 365? Akiikosa dawa leo, kesho arosto imemrudia, na muuza kete hakai mbali, yupo pale pale kona. Muuza unga alikwisha kuelewa zamani kwamba bidhaa lazima ikae karibu na mnunuzi. Sisi tulichelewa. Ndiyo maana ilikuwa heri kubwa kliniki ilipofunguliwa Mwananyamala mwaka 2012, na nyingine Temeke mwaka 2014. Lakini Bunju si karibu na Mwananyamala, kila apandaye daladala anajua.

Tena hospitali humshika mgonjwa kwa dakika chache. Saa zote zilizobaki ni zetu sisi wa mtaani, nasi twazifanyia nini? Akitoka dirishani aitwa mwizi. Likipotea sufuria, aulizwa yeye. Fundi seremala hamtaki, mwenye nyumba hampangishi. Sisemi hawakuiba. Wameiba sana, na wengi waliowaibia kwanza ni mama zao. Lakini yule anayepanga foleni ya dawa asubuhi ndiye aliyeacha kuiba. Tukimfukuza huyo, atarudi maskani kwa wale wasiomfukuza.

Matawi yana kazi hapa. Katibu wa tawi na awajue wahudumu wanaokwenda maskani kuwatafuta wagonjwa, awatambulishe kwa balozi na kwa polisi wa kata, ili wasikamatwe pamoja na wale wanaowahudumia. Akina mama wa tawi watazame jambo moja zaidi: wanawake kliniki ni wachache sana kuliko wanaume. Wengine huona haya, wengine huogopa kunyang'anywa watoto, wengine hufanya kazi ya usiku na asubuhi wamelala. Mwanamke kama huyo akipata jirani wa kumshikia mtoto na kumsindikiza mara ya kwanza, atakwenda.

Na tuseme habari ya fedha. Huduma hii ilianzishwa kwa msaada mkubwa wa Marekani. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Serikali ya nchi hiyo ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri ya siku moja. Mgonjwa anayekunywa dawa kila asubuhi hawezi kungoja wakubwa wa Washington wamalize kubishana. Bajeti za halmashauri hupangwa kabla ya Julai kila mwaka. Wanachama wa Kinondoni na Temeke waende kwa madiwani wao mapema, wawaulize: fungu la dawa hii ni shilingi ngapi, na dirisha jingine litafunguliwa kata gani?