Rubani Mpya na Raha ya Kuruka

Wapo vijana wengi hapa Malaba ambao wakiulizwa watakuwa nani baadaye, hujibu bila kusita: "Rubani." Jibu hilo ni jema, wala mahali pa kujifunzia si mbali. Ukipita Tororo na Mbale unafika Soroti, penye chuo cha urubani kilichoanzishwa mwaka 1971 ili kuzihudumia Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa upande wa Kenya, ziko shule katika uwanja wa Wilson, Nairobi. Lakini yafaa tujiulize: je, mafunzo humwandaa kijana aifurahie ndege, au ashinde mtihani tu?

Leseni ya kwanza ni ya rubani binafsi, yaani mtu arukaye bila kulipwa. Kanuni za kimataifa zataka awe ametimiza miaka 17 na, kwa kawaida, awe ameruka saa 40. Katika hizo, saa 10 awe peke yake, na safari moja iwe ya kilometa 270 au zaidi, akitua katika viwanja viwili mbalimbali.

Sina ugomvi na kanuni hizo. Asiyejua kutua upepo ukivuma kutoka ubavuni, au la kufanya injini ikizimika, atakufa na kuua wengine. Walakini saa nyingi zikiishia kuuzunguka uwanja ule ule na kurudia yatakayoulizwa siku ya mtihani, kijana hutoka na leseni mfukoni asijue aende nayo wapi. Njia ngeni huziogopa, mwenzi wa safari hana, na kila saa ya ndege yataka fedha. Mwisho huacha. Basi ng'ombe wa baba waliouzwa wamekwenda bure! Tena arukaye kwa nadra hupoteza wepesi wa mkono, akawa hatari siku atakaporudi.

Wengine watasema raha haifundishwi. Sikubali. Mwalimu wa mpira hafundishi sheria za mchezo peke yake. Humwingiza kijana uwanjani hata akaupenda.

Kadhalika mwalimu wa ndege atenge saa chache kwa safari yenye maana. Mwanafunzi na atoke Soroti asubuhi, kabla mawingu ya radi ya alasiri hayajapanda. Aifuate reli hadi Mbale, Mlima Elgon ukiwa kushoto kwake, mpaka alione jiwe la Tororo mbele yake. Hapo ataisoma nchi kama kitabu. Afundishwe na habari za mpaka pia. Sisi huvuka daraja la Malaba kwa miguu, lakini rubani sharti kwanza apeleke mpango wa safari yake, kisha atue penye forodha. Ajuaye taratibu hizo haziogopi, na Afrika ya Mashariki yote huwa wazi mbele yake.

Beryl Markham, aliyelelewa Njoro na kujifunza urubani Kenya, alivuka Atlantiki peke yake mwaka 1936, kutoka Uingereza hadi Kanada. Kabla ya hapo alikuwa amechukua barua na abiria angani. Safari ndizo zilizomkomaza, si cheti.

Nanyi wanafunzi wa zamani mliokwisha kupata leseni, mchukueni rubani mpya katika kiti cha pili, mgawane gharama na njia. Elimu bila amali ni kama nta bila asali.