Ruzuku ya elimu imfuate mtoto maskini

Ni jambo lisilofichika kuwa Serikali ya Tanzania imewafungulia watoto wengi wa maskini milango ya shule. Tangu Januari 2016 ada imefutwa katika shule zake hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 msamaha huo ukafikishwa kidato cha sita. Hilo tunalishukuru kwa dhati.

Hata hivyo, kuna swali ambalo halijapata jibu la haki. Yatima anayesoma katika shule isiyo ya Serikali, iwe ya msikiti, ya kanisa au ya wanakijiji, je, yeye si mtoto wa taifa hili?

Tukumbuke tulikotoka. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za mashirika ya dini chini ya Serikali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikawakaribisha tena watu binafsi, jumuiya na taasisi za dini kujenga shule. Waumini waliitika. Walichangishana saruji na mabati, wakajenga. Leo wanaitwa wabia wa Serikali katika elimu, lakini ruzuku ya mwanafunzi inakomea kwenye lango la shule ya umma.

Wanaoutetea utaratibu huu husema kuwa fedha ya umma haipaswi kumtajirisha mwenye shule ya biashara, ilhali shule za Serikali zenyewe zina upungufu wa madarasa na walimu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mbona katika elimu ya juu njia imepatikana? Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, huwakopesha wanafunzi wahitaji wa vyuo vikuu vya umma na vya binafsi pia. Hapo fedha humfuata mwanafunzi. Likiwa ni haki kwa kijana wa miaka 20, kwa nini lisiwe haki kwa mtoto wa miaka 14?

Hatuombi Serikali iwalipie wenye uwezo. Tunachosema ni kuwa mtoto aliyethibitika kuwa fukara, akiwa katika shule isiyotafuta faida, apewe ruzuku ileile ambayo angepewa katika shule ya umma.

Lakini anayedai haki na awe tayari kuhesabiwa. Shule ambayo mahesabu yake hayajulikani hata kwa wazazi, na ambayo walimu wake hukaa miezi bila mshahara, haina uso wa kuiomba Serikali senti moja. Kwa hiyo tunazitaka bodi za shule zetu ziyaweke mahesabu yao wazi mbele ya waumini, kisha maimamu na wazazi walifikishe dai hili kwa wabunge wao.

Wabillahi tawfiiq.