Maua ya shule tuyaoteshe, tusiyanunue



Nina dukuduku juu ya maua yanayotundikwa mashuleni na maofisini siku za ugeni.

Sisi tulio huku mpakani mwa mikoa ya Shinyanga na Geita tumekwisha yazoea. Taarifa inaletwa kwamba mgeni rasmi atapita. Wazazi wanaambiwa wachange. Pikipiki inatumwa mjini, inarudi na makopo ya maua yaliyokwisha chanua, hasa zile petunia zinazoning'inia, za zambarau na nyeupe, yanatundikwa barazani. Mgeni anayasifu, anapigwa picha, anaondoka. Baada ya wiki tatu makopo ni makavu na mbuzi wamemaliza kilichobaki. Mwaka unaofuata mchango ni ule ule. Katika shule moja niliyopata kufundisha, mzazi mmoja alisimama mkutanoni akauliza kama maua hayo hayana mbegu. Sikuwa na jibu, na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa sayansi.

Mbegu yanazo. Nilinunua pakiti moja Mwanza, nikawapa wanafunzi wa Darasa la Tano, tukazifukia kama tunavyofukia mahindi. Tulingoja siku ishirini. Haikuota hata moja, nami nikasema mbegu ni mbovu, kama ilivyo desturi yetu kumsingizia muuza mbegu. Siku moja akaja mzazi aliyewahi kulima tumbaku Ushetu, wilayani Kahama. Akatazama kile kitalu, akazitazama mbegu zilizosalia ndani ya pakiti, akacheka. "Mwalimu, mbegu ndogo hivi kama ya tumbaku, mbona mmeizika?"

Mzee yule alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua. Petunia ni ndugu wa tumbaku. Hata jina lake limetokana na "petun", neno la wenyeji wa Brazili lenye maana ya tumbaku. Ukoo huo huo una nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo. Gramu moja ya mbegu ya petunia ina mbegu zinazokaribia 10,000, na mbegu hiyo huhitaji mwanga ili iote. Ukiifukia umeiua. Sisi waalimu tulikuwa tukihangaika, na kumbe wakulima wa tumbaku wamekuwa wakisia mbegu za namna hiyo miaka yote, kwa kuzichanganya na majivu au mchanga mkavu ili zisirundikane mahali pamoja.

Tulianza upya. Mbegu tulizichanganya na mchanga mkavu, tukazinyunyiza juu ya udongo uliolowana, tukazikandamiza kidogo kwa kibao, hatukuzifunika kwa udongo. Maji hatukumwagia juu, maana tone moja tu huzisomba zote pembeni. Tuliweka trei ndani ya karai lenye maji kidogo, udongo ukayanyonya kutoka chini. Kipande cha nailoni angavu juu yake, kivulini lakini penye mwanga. Siku ya tisa zikaonekana nukta za kijani. Watoto walikuwa wakikimbia kuja shule kuzitazama, na wale watoro wawili ninaowajua mimi hawakukosa wiki ile.

Kuanzia hapo kazi ni ya kawaida. Nailoni huondolewa mbegu zikiota, ama sivyo kinyausi kitaangusha miche yote kwa usiku mmoja. Mche ukiwa na majani manne hadi sita huhamishiwa kwenye kopo au dumu lililokatwa na kutobolewa chini. Ncha ikatwe ili utoe matawi. Mtu aliyetoka kuvuta sigara au kushika tumbaku anawe mikono kwanza, kwa sababu ugonjwa wa batobato wa tumbaku huhamia kwenye petunia na nyanya. Kwa huku kwetu nashauri kusia mwezi wa Machi, mvua zinapoelekea ukingoni. Maua huanza baada ya miezi mitatu hivi, yaani kiangazi, na petunia hupenda jua kuliko mvua kubwa.

Atakayekwenda kununua mbegu aulize vizuri. Aina zinazoning'inia si zote zinazooteshwa kwa mbegu. Surfinia iliyotoka Japani huzalishwa kwa vipandikizi, lakini Purple Wave, iliyopata tuzo ya All-America Selections mwaka 1995, huoteshwa kwa mbegu. Nyingi ya hizi ni chotara. Mbegu utakazokusanya mwenyewe zitaota, ila watoto hawatafanana na mama, kama ilivyo kwa mahindi chotara. Mimi hilo halinisumbui. Nimelifanya somo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mwaka wa pili niliwaagiza wanafunzi kila mmoja alete kikombe cha mchanga laini wa kuchanganyia mbegu. Mmoja alileta mchanga mzuri kuliko wote, wa kijivu, laini kama unga. Nikausifu mbele ya darasa. Nilipomuuliza ameutoa wapi, akajibu bila wasiwasi kwamba ameutoa kwenye karasha, nyuma ya nyumba yao. Kumbe yalikuwa marudio.

Wasomaji wa mikoa mingine huenda hawalijui neno hilo. Wachimbaji wadogo huponda mawe kwa karasha, huosha ule unga, hunasa dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma zebaki ili dhahabu ibaki. Mchanga unaobaki ndio marudio, na zebaki nyingine hubaki humo. Zebaki huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na watoto ndio huumia zaidi. Ugonjwa wa Minamata ulipogunduliwa Japani mwaka 1956 dunia ilikwisha ona madhara yake, na mkataba wa mwaka 2013 wa kuidhibiti zebaki umepewa jina la mji huo.

Chuoni tulifundishwa kuua vimelea vya kinyausi kwa kukaanga udongo wa kitalu kwenye bati au karai. Ndivyo nilivyokuwa nimepanga kufanya asubuhi ile, moto ulikuwa umekwisha washwa, na watoto arobaini na sita walikuwa wamenizunguka. Zebaki ikipata moto hugeuka mvuke usioonekana. Niliuzima moto, nikawapeleka wote wakanawe mikono, na mchanga ule ukafungwa ukarudishwa kwa mwenye karasha. Usiku ule sikulala vizuri.

Kwa hiyo shule za Geita, Kahama, Nyang'hwale na Mbogwe zitakazofuata ushauri wangu zisiwaambie watoto "leteni mchanga" na kuishia hapo. Mwalimu aende mwenyewe akachukue luseni ya juu mlimani, mbali na karasha na mahali pa kuoshea dhahabu. Makopo na madumu yaliyotoka machimboni yasikanyage shuleni hata yakioshwa, kwani huenda yalibeba zebaki au sianidi.

Wapo watakaosema maua hayaliwi, na kwamba maji ni ya shida. Ni kweli, mradi wa maji ya Ziwa Viktoria ulizinduliwa mwaka 2009 ukafika Kahama na Shinyanga, lakini si kila kijiji kina bomba, na kwetu ni ndoo kichwani. Maua yetu hunywa maji yanayodondoka chini ya vibuyu chirizi watoto wanaponawa. Ama kuhusu kuliwa, mtoto aliyeweza kuotesha petunia hashindwi na nyanya wala bilinganya, maana kazi ya kitaluni ni hiyo hiyo. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule iwe pia mahali pa uzalishaji, nami sioni kama kumchangisha mzazi fedha za maua ya kufa ni kujitegemea. Arusha watu wanazalisha mbegu na vipandikizi vya maua vya kupeleka Ulaya, nasi tunashindwa kuotesha kopo moja!

Nawaomba maofisa elimu wa kata wanaohusika wasipitishe tena mchango wa maua, na badala yake kila shule ipewe pakiti moja ya mbegu ifikapo Februari. Na maofisa afya wapite katika shule zilizo karibu na machimbo wautazame mchanga uliomo katika bustani zilizopo sasa, kabla ya likizo ya Juni, maana wakati huo watoto wa zamu ndio hubaki wakimwagilia peke yao.

Mwalimu wa Kijijini,
Mkoa wa Geita.