KAZI NA NYUMBA: Dawa ya Pancha na Kipima Upepo, Je, Vinapatana?

 

Mwezi huu tunajibu swali la mama mmoja ambaye kijana wake anaendesha boda hapa mjini. Anauliza hivi: kijana ametia dawa ya kuzuia pancha kwenye tairi zake, na sasa kuna mtu anamuuzia vile vifuniko vya kupima upepo vyenye kioo kidogo cha kufunga kwenye usukani. Je, vitu hivi viwili vinaweza kukaa kwenye gurudumu moja, au ni kutupa pesa tu? Mama, swali lako ni zuri. Familia zetu nyingi zinakula kutoka kwenye magurudumu mawili, kwa hiyo tumeona tulijibu kwa urefu.

Kwanza, kwa nini jambo la tairi liwe la nyumba nzima? Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea, na vijana wetu wengi wameingia kwenye boda. Lakini pikipiki nyingi wanazoendesha si zao bado. Ni za mkopo, au ni za bosi ambaye kila wiki anataka hesabu yake. Pancha ikitokea saa moja asubuhi, abiria wa kwenda kazini na watoto wa shule wamepotea, lakini hesabu ya bosi haipungui hata shilingi. Kinachopungua ni unga wa nyumbani na pesa zinazotumwa huko kambini. Tena hiyo ni pancha ya amani. Tairi la nyuma likiishiwa upepo ghafla wakati kijana anateremka kutoka Mbuya kwenda Nakawa, na mama na mtoto wako nyuma yake, hapo hatuzungumzi tena habari ya unga. Tunazungumza habari ya maisha.

Upepo ndio unaobeba mzigo

Watu wengi hudhani tairi ndilo linalobeba pikipiki. Kumbe ni upepo uliomo ndani. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekaa Belfast, ndiye aliyepata hati ya tairi la upepo mwaka 1888, na kwa muda mfupi ulimwengu mzima ukalitaka. Sisi tuliotoka Kongo tunajua bei yake. Mpira wa tairi hizo ulitafutwa misituni kwetu kwa viboko na bunduki wakati wa utawala wa Leopold, uliokwisha mwaka 1908. Babu zetu waliulipia huo mpira. Basi sisi tuutumie kwa akili.

Tairi likiwa na upepo mdogo, mbavu zake zinajikunja kila linapozunguka. Linapata joto, linaisha upesi, linakula mafuta zaidi, na pikipiki inayumba kwenye kona. Kwa pikipiki ndogo tunazoziona stejini, tairi la mbele huhitaji kama 25 PSI hivi, na la nyuma kati ya 28 na 32 kulingana na mzigo. Lakini msifuate maneno yetu tu. Angalieni kibandiko au kitabu cha pikipiki yenyewe. Tena pimeni asubuhi kabla haijatembea, kwa sababu tairi likipata joto namba inapanda yenyewe.

Dawa inafanya nini, na haifanyi nini

Dawa ya pancha ni maji mazito. Nyingi zimechanganywa maji, kemikali ya kuzuia yasikauke upesi, na nyuzi au chembe ndogo za mpira. Gurudumu likizunguka, dawa inasambaa ndani yote. Msumari ukitoboa, upepo unaotoka unaisukuma dawa kwenye tundu, zile nyuzi zinashikana, na tundu linaziba. Kwa barabara zetu za Kinawataka na Banda, penye misumari ya majengo na waya za tairi zilizochomwa, huo ni msaada wa kweli.

Lakini ina mipaka yake. Kwenye tairi lisilo na tyubu watengenezaji wengi wanasema inaziba tundu la hadi milimita 6, tena pale panapokanyaga barabara tu, si ubavuni. Kwenye tyubu ni tundu dogo zaidi, kama milimita 3, maana tyubu ni nyembamba na huchanika kwa urefu. Boda nyingi za rimu za spoki zina tyubu. Kwa hiyo kijana asidanganywe na muuzaji anayesema eti hataona pancha tena maisha yake yote. Dawa haitengenezi tairi lililokwisha meno. Haizuii tyubu isikatwe na kichwa cha spoki kama ile kanda ya rimu imeoza. Tena inazeeka: nyingi zinahesabiwa kama miaka miwili, baada ya hapo zinaganda.

Jambo lingine, kina mama sikilizeni. Baadhi ya dawa hizi zina kemikali iitwayo ethilini glaikoli. Ni tamu mdomoni, lakini ni sumu kali. Chupa isiwekwe karibu na watoto, na ikiisha isitiwe maji ya kunywa wala mafuta ya kupikia. Dawa ya zamani isimwagwe mtaroni pia, maana maji ya Kinawataka yanaishia ziwani, na ziwa ndilo linalotupa maji na samaki.

Kipima upepo ni nini

Vifaa hivi vilianza kuenea kwenye magari. Marekani, baada ya ajali nyingi za tairi zilizopasuka, ilitoka sheria mwaka 2000, na kufika mwaka 2007 kila gari dogo jipya lilitakiwa kuwa na kifaa cha kumwonya dereva upepo ukipungua kwa robo. Ulaya ilifuata, na tangu mwaka 2014 magari yote mapya ya abiria ya huko yanacho. Kwa pikipiki kifaa hiki si lazima, ila baadhi ya zile kubwa, kama za BMW, huja nacho.

Viko vya aina mbili vinavyotuhusu. Cha kwanza kinakaa ndani ya gurudumu, kimefungwa kwenye valvu. Kina tundu dogo sana, dogo kama jicho la sindano, na kupitia tundu hilo kinausikia upepo na kutuma namba kwa redio. Cha pili ni kile kifuniko kinachofungwa juu ya valvu kwa nje. Hiki ndicho wanachouziwa vijana wetu. Kinabonyeza ile pini ya valvu na kuiacha wazi muda wote, upepo unafika kwenye kifuniko, nacho kinasoma.

Hapo ndipo shida inapoanza. Dawa ya pancha imetengenezwa ili izibe tundu dogo, na kipima upepo kinaishi kwa tundu dogo. Dawa haiwezi kujua kwamba tundu hili ni la msumari na lile ni la kipima. Ikilifikia, italiziba.

Kwa kile cha ndani, dawa inarushwa huku na huku gurudumu likizunguka, na baadhi yake inaweza kukaa juu ya kipima. Kwa kifuniko cha nje, hatari kubwa ni pikipiki ikisimama usiku valvu ikiwa chini. Dawa yote imetulia chini, pini iko wazi, basi inapanda taratibu hadi ndani ya kifuniko. Asubuhi imeanza kukauka.

Na kipima kilichoziba si lazima kizime. Kinaweza kubaki na namba ileile ya jana. Kijana anatazama kioo, anaona 30, anapakia abiria kwenda Luzira, kumbe tairi lina 18. Hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na kipima kabisa, maana asiye na kipima angalau anainama na kuangalia. Kifaa kinachosema uongo kwa sauti ya upole ndicho kinachoua.

Basi, tufanyeje?

Hatusemi msitumie vyote viwili. Vikitunzwa vinasaidiana vizuri: dawa inapunguza kasi ya upepo kutoka, na kipima kinamwambia kijana kwamba kuna msumari, hata kama tundu limeziba kwa muda. Ila fuateni haya:

1. Someni chupa. Chagueni dawa ya maji ambayo mtengenezaji ameandika wazi kwamba inafaa kwa tairi zenye vipima upepo. Kama haikuandikwa, hesabuni kwamba haifai. Msitie gundi, unga wala mchanganyiko wowote wa kienyeji.

2. Tieni kipimo kilichoandikwa kwa ukubwa wa tairi lenu. Kuzidisha hakuzidishi kinga. Kunaongeza dawa ya kuziba kipima, na kunafanya gurudumu liyumbe.

3. Baada ya kutia, jazeni upepo ili usafishe njia ya valvu, kisha endesheni kilomita chache papo hapo ili dawa isambae. Ndipo simamisheni pikipiki valvu ikiwa juu, mfunge kifuniko.

4. Jioni, mkilaza pikipiki, sukumeni kidogo mpaka valvu iwe juu. Ni hatua mbili tu. Mtoto yeyote wa nyumbani anaweza kufundishwa kazi hiyo.

5. Kila wiki jaribuni kipima. Kwa kifuniko cha nje, kifungueni kabisa: namba lazima ishuke mpaka sifuri baada ya muda mfupi. Kwa cha ndani, toeni upepo kidogo, mwone kama namba inafuata. Isiposhuka, msiiamini tena. Kisha linganisheni na kipimo cha mkono. Hicho cha mkono ndicho hakimu.

6. Kipima kilichoziba kisafisheni kwa maji safi na kitambaa, mkiache kikauke. Msichokoe lile tundu kwa sindano wala waya. Mkifanya hivyo mmekiua.

7. Mkienda kwa fundi, mwambieni mapema kwamba ndani kuna dawa. Akifungua valvu bila kujua inaweza kumrukia machoni. Pia kiraka hakishiki kwenye tyubu iliyolowa dawa mpaka isafishwe na kukaushwa vizuri.

8. Dawa ikiziba tundu, msihesabu kwamba kazi imekwisha. Msumari utolewe na tyubu ibandikwe siku hiyohiyo.

Tukumbushe na hili: kifuniko cha nje kina uzito kidogo, na valvu ikichezacheza inaweza kuchanika kwenye shina. Angalieni valvu imesimama wima. Ikianza kulala upande mmoja, maana yake tairi linateleza juu ya rimu na kuvuta tyubu, na mara nyingi sababu ni upepo mdogo. Tena stejini kifuniko kinaibika kwa vidole viwili.

Kama pesa haitoshi

Sasa mama, turudi kwenye mfuko wako. Kama pesa ni ya kitu kimoja tu, ushauri wetu ni huu: aanze na tairi zima lenye meno, tyubu nzuri, kanda mpya ya rimu, na kipimo cha mkono. Hicho cha mkono hakina betri na hakizibwi usiku. Akishavipata hivyo, dawa ni ya pili kama anapita sana njia zenye misumari. Vifuniko vya kioo viwe vya mwisho. Kwa kuwa kijana wako dawa ameshatia, aangalie kwanza chupa imeandikwa nini kabla ya kutoa pesa kwa yule muuzaji wa vifuniko.

Wale wanaoendesha pikipiki za umeme ambazo miaka ya karibuni zimeanza kuonekana hapa Kampala, waulize kwanza kwa mwenye pikipiki kabla ya kutia kitu chochote. Baadhi yake zina tairi zisizo na tyubu, na kama pikipiki ni ya kampuni, dawa uliyotia bila ruhusa inaweza kuwa deni lako.

Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli. Lakini kwa tairi tunaongeza: ziba ufa, ila usizibe na sikio linalokuambia ufa uko wapi.

Wazazi, mkiongea na vijana kwa simu wiki hii, baada ya salamu waulizeni, "Leo umepima upepo?" Watacheka, lakini watapima.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutaongea juu ya breki na mnyororo wakati wa mvua. Maswali yenu mpeni kiongozi wa mtaa wenu, yatatufikia. Kaeni salama.