Baraza la Khati na Mtoto wa Mwisho wa Jamvi

Safari hii twataka kuungama kosa letu wenyewe, kwani huenda wakawamo ndani yake na walimu wengine wa vyuoni, na wazazi pia.

Alikuwako chuoni mwetu kijana wa miaka tisa aliyekuwa akikaa mwisho wa jamvi, karibu na mlango. Tukimwita haitiki. Wenzake wakipaza sauti kwa alifu na bee, yeye hutazama midomo yao tu. Tukamdhania mkaidi. Bakora alizipata, Mwenyezi Mungu atusamehe, wala hazikumfaa kitu. Mwaka mzima ukapita naye hajaivuka Alhamdu.

Mtaani petu yuko mzee mmoja, fundi wa khati. Kila Alhamisi baada ya Alasiri, chuo kikiwa kimefungwa, huwakusanya barazani kwake wapendao kuandika: watoto, vijana, hata mvuvi mmoja mtu mzima asiyejua kusoma vema. Hapo haulizwi mtu yuko juzuu ya ngapi. Kila mmoja huchonga kalamu yake ya mwanzi, akauangalia mkono wa fundi, akaiga. Siku moja tulipita njia hiyo tukamkuta kijana wetu amekaa katikati, amfundisha mwenziwe aliyekwisha hitimu namna ya kukata ncha ya kalamu. Tukamwita kwa nyuma, hakugeuka. Tukazunguka tukamsalimu uso kwa uso; akatuitikia kwa adabu. Hapo ndipo tulipotambua ya kuwa masikio yake ni mazito. Mama yake aliyajua hayo siku zote, nasi hatukumwuliza.

Tulimleta mbele, tukakaa sisi mahali ambapo mwanga wa dirisha waangukia uso wetu, apate kuiona midomo. Lakini fundi alituonyesha jambo ambalo hatukulifikiri: bee na mimu zafanana midomoni, jicho haliwezi kuzipambanua, ilhali katika khati hazifanani hata kidogo. Basi kila aya tukawa twaiandika kwanza ubaoni, ndipo tuisome. Ama herufi za kooni, twamwekesha mkono kooni mwetu: aini ina mtetemo, haa haina. Ajabu ni kuwa watoto wenye masikio mazima nao wametengenea matamko yao kwa njia hiyo hiyo, hata wale waliokuwa wakiitamka aini kama alifu.

Wako wazazi waliotulalamikia kwamba baraza la khati ni mchezo upotezao wakati. Hatuafikiani nao. Habib Saleh wa Lamu, aliyefariki mwaka 1935, aliwasomesha watu wa kila tabaka, hata wale waliokuwa wakinyimwa elimu kwa sababu wazee wao walikuwa watumwa. Na maulidi ya dufu yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyowavuta na kuwaketisha pamoja. Aliyekuja kwa kupenda dufu alikuta na darasa.

Hata hivyo, baraza lisigeuzwe jaa la kumtupia mtoto mzito ili chuo kipumzike naye. Tumeliona jambo hilo likifanywa, na mtoto akawa mwandishi hodari asiyejua aandikalo. Mwalimu wa chuo na aende mwenyewe barazani, akae kimya, amtazame mwanafunzi wake ashikavyo jambo analolipenda, kisha arejee naye darasani na hilo alilojifunza.

Kijana wetu sasa amefika Sura ya Abasa, ile iliyoteremka kwa ajili ya Abdallah bin Ummi Maktum, kipofu aliyemjia Mtume (s.a.w.) kutaka elimu, naye baadaye akawa mwadhini pamoja na Bilal. Juzi aliiandika ubaoni kwa khati iliyo nzuri kuliko yetu. Alipoisoma, aini ya neno la kwanza ilimpotea. Akaweka mkono kooni mwake, akaanza tena.