Msiwaambie Waruke Hesabu

Siku hizi kijana akishika Biblia kwa mara ya kwanza, ushauri ni uleule: anza na Yohana, soma Zaburi kidogo, Mithali kidogo, lakini Walawi na Hesabu ruka tu, eti hizo ni za wachungaji. Hata wageni wanaotugawia vijitabu hutuchagulia mistari ya faraja peke yake. Nia yao ni njema. Ila mimi nafanya kazi na vijana, na nasema ushauri huo ni mbaya.

Hebu tufungue hicho kitabu cha Hesabu. Kinaanza na watu kuhesabiwa kambini, kabila kwa kabila, wanaume wa miaka 20 na zaidi: 603,550. Sura ya 2 inapanga nani apige hema upande gani. Sura ya 11 watu wamechoka na chakula kilekile kila siku, wanakumbuka samaki na vitunguu vya Misri, mpaka Musa mwenyewe anamwomba Mungu afadhali afe. Jamani, nani hapa atasema kitabu hiki hakimhusu? Wasomaji wengine wanahitaji mwalimu wa kuwaeleza maisha ya kambi. Sisi somo hilo tunalo tayari.

Ni kweli, majina na hesabu zinachosha. Lakini anayeruka sura ya 26 hatajua kwamba watu wamehesabiwa tena na kwamba, kati ya wale wa kwanza, wamebaki Kalebu na Yoshua tu. Wengine wote wamefia jangwani. Wala hatafika sura ya 27, ambako mabinti watano wa Selofehadi wanasimama mbele ya Musa na wakuu wote. Baba yao amekufa bila mtoto wa kiume, nao wanadai urithi. Mungu anasema wana haki. Wasichana wetu wangapi wamenyimwa sura hiyo kwa sababu waliambiwa waruke?

Kuna hoja moja naiheshimu: kwamba vijana wameona vita, na sura kama ya 31, yenye mauaji ya Wamidiani, itawaumiza. Ndiyo, inauma. Mimi sina jibu jepesi kwa sura ile. Lakini kuificha haisaidii. Siku moja atatokea mtu mwenye chuki, ataisoma kwa sauti na kusema Mungu ameruhusu kuua kabila fulani. Kijana aliyeruka atamjibu nini? Afadhali aisome leo, mchana, akiwa na mtu mzima pembeni, aulize, alie, akasirike.

Kwa wewe unayeanza: Walawi ina sura 27, Hesabu 36. Sura moja kwa siku ni miezi miwili na siku chache. Soma kwa sauti, wawili au watatu. Panapokushinda weka alama ya penseli, endelea, kisha peleka swali kwa mtu. Kutoelewa si dhambi. Mwethiopia wa Matendo sura ya 8 alikuwa anasoma Isaya njiani bila kuelewa, na hakuacha kusoma.

Na ninyi viongozi, mtazameni Filipo. Hakumwambia yule mtu afunge kitabu, atafute chepesi. Alipanda garini, akakaa naye, wakaanzia palepale palipomshinda.